Pumzi ya Mwanagenzi

Mpwa wangu, aliyefanya kazi Dublin kwa muda wa miaka minne, aliporudi Unguja mwaka jana katika mwezi wa Rajabu, alifungua sanduku lake mbele ya jamaa waliokusanyika, akatoa shali ya mama yake, saa ya baba yake na viatu vya ndugu zake, kisha akatoa kijiti cheusi cha bati, chenye urefu upatao sentimita 30 na nakshi za rangi ya dhahabu ubavuni, akanikabidhi kwa mikono miwili kama ilivyo adabu. "Mjomba," alisema, "hii ndiyo filimbi ambayo watoto wa kule hufundishwa skuli. Nimekuletea kwa sababu uliwahi kunihadithia kwamba ulipokuwa kijana uliitamani nai, ile filimbi ya taarabu, na marehemu babu akakukataza." Maneno hayo yalikuwa kweli, nami nilikuwa nimekwisha kuyasahau. Katika ujana wangu nilikuwa nikisimama chini ya madirisha ya Ikhwani Safaa, chama cha taarabu kilichoundwa hapa Unguja mwaka 1905, nikiisikiliza nai ikipenya baina ya udi na kanuni kama mtu anayepita katika umati bila ya kumgusa mtu. Na sikupata kujua wakati ule kwamba jina la chama hicho lilikuwa pia jina la wanafalsafa wa Basra wa karne ya 10, ambao miongoni mwa risala zao 52 waliandika moja nzima juu ya muziki. Baba alikataa, nami nikatii. Sasa nilikuwa na umri wa miaka 61, nimestaafu ualimu, nina wajukuu sita, na sijapata kupuliza chombo chochote cha muziki tangu nizaliwe.

Chombo chenyewe ni duni kwa kukitazama. Bati jembamba limekunjwa likawa mwanzi, pana kidogo juu na jembamba chini, na upande wa nyuma waonekana mshono wake. Mdomoni mmesokomezwa kipande cha mti kinachoacha upenyo mwembamba wa kupitisha pumzi, na mbele ya upenyo huo pana dirisha dogo lenye ukingo, ambapo pumzi hukatwa ikageuka sauti. Matundu ni sita, matatu ya mkono wa kushoto na matatu ya mkono wa kulia. Hakuna nyuzi za kukaza, wala vifungo vya kubonyeza, wala ulimi wa unyasi kama ule wa zumari. Aliyeanza kuitengeneza kwa wingi ni Robert Clarke, kibarua wa shamba katika kijiji cha Coney Weston, wilaya ya Suffolk nchini Uingereza, ambaye mwaka 1843 aliishika kazi hiyo, kisha akaelekea Manchester na zana zake juu ya rukwama, akitengeneza na kuuza njiani. Viwanda vya zama zile vilikuwa vimelirahisisha bati, nayo filimbi ikawa rahisi kama bati lenyewe. Watu wakaiita filimbi ya peni, na Waayalandi wakaitwaa kuwa chombo cha ngoma zao na huzuni zao, wakaipa kwa lugha yao jina la feadóg stáin, ambalo maana yake ndiyo hiyo, filimbi ya bati. Lakini bati ni vazi lake la karibuni tu. Katika ardhi ya Dublin zimefukuliwa filimbi za mifupa za karne ya 12, na katika pango la Hohle Fels, kusini mwa Ujerumani, wachimbuzi walipata mwaka 2008 filimbi ya mfupa wa tumbusi yenye matundu matano, ambayo umri wake unazidi miaka 35,000. Binadamu alikuwa hajajua kulima wala kufuga, naye amekwisha jua kutoboa mfupa na kuutia pumzi.

Siku ya kwanza niliipuliza kama mtu anayechochea makaa, ikatoa ukelele uliomfanya mjukuu wangu wa miaka minane, aliyekuwa ameketi ngazini, azibe masikio yake. Siku ya pili niliipuliza kwa woga, ikatoa mvumo tu, kama upepo wa kaskazi unaopita chini ya mlango. Ilinichukua juma zima kuipata sauti moja iliyotulia, nayo ilikuwa sauti ya mkono wa kushoto, yenye kidole kimoja tu cha shahada juu ya tundu la kwanza. Na kila nilipoongeza kidole, sauti ilivunjika. Mpwa wangu alinifundisha hapo jambo ambalo sitalisahau. Aliniamuru nizibe matundu yote sita kwa nyama ya vidole, nikaze kidogo, kisha nivigeuze vidole na kuvitazama kwenye mwanga wa dirisha. Katika kila kidole palikuwa na alama ya tundu lililokuwa chini yake. Pale ambapo alama ilikuwa duara kamili, tundu lilikuwa limezibwa. Pale ambapo ilikuwa kipande tu cha mwezi, mithili ya hilali, upepo ulikuwa ukitoroka ubavuni bila ya mimi kuhisi, na sauti iliyopaswa kushuka chini kwa utulivu haikuwa na budi kuruka na kulia. Vidole vyangu vitano vilipata duara zao katika mwezi wa kwanza. Kidole cha pete cha mkono wa kulia, kilichovunjika nilipokuwa kijana na kuungwa kikiwa kimepinda, kilitoa hilali kila siku.

Kabla sijaendelea mbali ilinipasa kulikabili katazo la marehemu baba, kwa maana heshima ya mzazi haizikwi pamoja naye. Nilikwenda kwa shekhe mmoja wa mtaa wetu, mtu wa elimu na upole, nikamweleza habari yote. Hakunipa hukumu upesi. Aliinuka, akatoa rafuni Minhaj ya Imamu Nawawi, kitabu ambacho wanafunzi wa madhehebu ya Shafii katika pwani yetu wamekisoma kizazi baada ya kizazi, akanifungulia mahali panapohusu ala za muziki. Imamu Rafii wa Qazwin, aliyefariki mwaka 1226, ambaye kitabu chake ndicho kilichofupishwa na Nawawi katika Minhaj, aliharimisha udi na zumari ya Iraki kwa kuwa zilikuwa ni alama za majilisi ya walevi, lakini hakuitia katika uharamu ule yaraa, yaani filimbi ya unyasi. Naye Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, baada ya kuinakili kauli hiyo kwa uaminifu, akaweka ya kwake kwamba lililo sahihi zaidi ni kuwa nayo ni haramu. Maimamu wawili wa madhehebu moja, wote wawili nguzo za madhehebu hayo, wamesimama pande mbili za kipande cha unyasi.

Shekhe alinisimulia pia ile habari ya Ibn Umar, iliyomo katika mkusanyo wa Abu Daudi, alipokuwa njiani na Nafii akasikia filimbi, akatia vidole masikioni na kuiacha njia, akawa anamwuliza Nafii kama bado anaisikia, mpaka alipoambiwa kwamba haisikiki tena ndipo akavitoa vidole vyake, akaeleza kwamba ndivyo alivyomwona Mtume akifanya. Wanaoharimisha huishika habari hii kwa kuwa masikio yalizibwa. Wanaoruhusu nao huishika hiyo hiyo, kwa kuwa Nafii hakuamriwa kuziba yake. Aliponiona nimeinamisha kichwa, shekhe alisema: "Maalim, baba yako alimfuata Nawawi, Mungu amrehemu. Nawe ukimfuata Rafii hukumvunjia heshima, maadamu kijiti hicho hakikucheleweshi sala, hakikutii katika kikao kiovu, wala hakimwudhi jirani. Lakini ichunge nia yako." Nimeifuata kauli ya Rafii tangu siku hiyo, na ninamstahi kila ajiepushaye, kwa sababu najua kwamba anajiepusha kwa ajili ya Mola wake.

Neno la mwisho la shekhe halikunitoka moyoni. Njiani nilikumbuka kwamba Nawawi huyo huyo, aliyeikataza filimbi, alipokusanya hadithi zake Arubaini ambazo hata watoto wa vyuoni huzihifadhi, alitanguliza ile ya nia kabla ya nyingine zote. Nilifika nyumbani, nikapanda darini baada ya sala ya alasiri, nikaishika filimbi, na siku hiyo ndipo nilipoliona jambo lililonifanya baadaye nishike kalamu hii.

Ukiziba matundu yote sita na kupuliza kwa upole, filimbi hutoa sauti yake ya chini kabisa. Ukiinua kidole kimoja kimoja kuanzia chini, sauti hupanda daraja baada ya daraja, hata vidole vyote vikiwa juu umekwisha pata saba. Na ya nane iko wapi? Hakuna tundu jingine la kuinua. Hapo mwanagenzi hufundishwa kuvirudisha vidole vyote sita mahali pake, kama alivyoanza, na kuongeza pumzi kidogo. Na sauti ile ya chini huruka ikawa ya juu, ndiyo ile ile na siyo ile, kama sauti ya mtoto inavyofanana na ya baba yake. Vidole havikubadilika, wala matundu, wala bati. Kilichozidi ni pumzi peke yake. Mtu aliyeziba masikio na kunitazama vidole tu hawezi kwa njia yoyote kujua kama napiga sauti ya chini au ya juu.

Nilikaa pale darini muda mrefu bila ya kupiga kitu. Nilikuwa nimefundisha skuli miaka 35, nimesoma na kusomesha kwamba zahiri ya tendo si batini yake, nimeitamka kauli hiyo mbele ya madarasa yasiyo na idadi, lakini sikuwa nimeishika mkononi kama nilivyoishika siku ile. Watu wawili husimama katika safu moja, bega kwa bega, rukuu yao moja na sijida yao moja, wala jicho la mwanadamu haliwezi kuwatenga. Na huenda mmoja yuko chini kabisa na mwenziwe yuko katika daraja ya nane. Watu wawili huitoa sadaka ile ile kwa maskini yule yule. Wawili hufunga saumu siku ile ile. Vidole ni vile vile.

Hata hivyo ningekuwa nimejidanganya kama ningeishia hapo, kwa kuwa kile kidole changu kilichopinda hakikuniruhusu. Iko kauli inayopendwa sana siku hizi, nayo ni kwamba nia ikiwa njema mengine yote si kitu, na nimewasikia watu wakiitumia kuwa sitara ya kazi mbovu, ya deni lisilolipwa na ya ahadi iliyovunjwa. Filimbi haiikubali kauli hiyo. Naweza kuitia pumzi safi kama ya malaika, lakini ikiwa tundu moja limezibwa nusu, pumzi yote hupotelea hapo, na kinachotoka ni kilio. Ndiyo maana naona kwamba nia na umbo la tendo ni vitu viwili visivyotosheana: pumzi ndiyo inayolipa tendo daraja yake, na vidole ndivyo vinavyoizuia pumzi isitoroke. Mwenye nia njema asiyejali ufundi wa analolitenda ana hilali mkononi mwake, naye aghalabu haioni, kwa kuwa hakuvigeuza vidole vyake kwenye mwanga.

Sasa nifike kwenye suala lililoulizwa barazani. Jirani yangu, mzee wa heshima ambaye nimekunywa naye kahawa kwa muda wa miaka thelathini, alikuwa akinisikia kila jioni, na jioni moja akaniuliza kwa upole, kama mtu amwulizaye nduguye juu ya afya yake: "Maalim, umri wetu sisi ni wa kukunja jamvi. Mtoto akianza filimbi leo, baada ya miaka kumi atakuwa fundi. Wewe baada ya miaka kumi utakuwa wapi? Kazi isiyotarajiwa kukamilika ina faida gani?" Sikuwa na jibu. Nilimwomba anipe muhula, akanipa, na nimeutumia muhula huo kwa miezi minne.

Kwanza nilitafuta kama yuko aliyenitangulia katika njia hii, nikamkuta Socrates. Plato, katika kitabu chake cha Euthydemus, amemweleza akiwa mtu mzima sana na huku bado akienda kwa mwalimu mmoja aitwaye Konnos kufundishwa kinubi, naye hukaa darasani pamoja na watoto, na watoto humcheka yeye na kumcheka mwalimu wake kwa kuwa amekuwa mwalimu wa wazee. Hilo lilinifariji, lakini faraja si hoja. Nikakumbuka kwamba imepokewa kwa Bibi Aisha, katika Bukhari na Muslim, kuwa asomaye Kurani kwa kukwama na kwa taabu ana ujira mara mbili. Sisemi kwamba filimbi ni Kurani, na Mungu anilinde na kufananisha hivyo. Nasema tu kwamba katika mizani ya dini yetu taabu ya mwanagenzi ina uzito wake mwenyewe, na uzito huo haukungojea siku atakapokuwa mahiri. Mzee aliyeshika alifu na be akiwa na miaka sabini, akafa kabla hajavuka Juzuu Amma, hakuna mwanachuoni atakayesema kwamba wakati wake ulipotea.

Kisha nikaona kwamba katika hali ya mwanagenzi kuna hifadhi ambayo fundi hana. Imamu Ghazali, katika Ihya, ameandika kwa kirefu juu ya riya, maradhi ya kutenda ili uonekane, na jinsi yanavyojipenyeza hata katika ibada ya usiku wa manane. Fundi anapopiga, masikio hugeuka, nyuso huchangamka, na kila uso uliochangamka ni mtihani kwake. Mimi ninapopiga hakuna anayesimama chini ya dirisha langu. Sauti yangu haina kitu cha kusifiwa, na kwa hiyo sijapata bado sababu ya kuipigia mwingine. Saa ile ya alasiri imekuwa miongoni mwa saa chache katika maisha yangu ambazo naweza kusema, kwa kadiri mtu awezavyo kuijua nafsi yake, kwamba sikutazamia kuonwa. Na hapo pia pana mlango mwingine wa hatari, ambao sharti niutaje: mtu anaweza kujionyesha kwa unyonge wake kama wengine wanavyojionyesha kwa ustadi, akawa anatangaza kila mahali kwamba yeye si kitu, ili aambiwe kwamba ana moyo wa unyenyekevu. Nilikaribia kuingia mlango huo nilipoanza kuwasimulia wageni habari ya kidole changu.

Tena iko faida ya kunyamaza. Aristotle hakuipenda filimbi ya Kiyunani, au tuseme zumari yao, katika malezi ya vijana, na mojawapo ya sababu alizozitoa katika kitabu chake cha siasa ni kwamba chombo hicho humzuia mpigaji kutumia usemi. Katika jambo hili sikubaliani naye. Mwenye kinubi anaweza kuimba juu ya nyuzi zake. Mwenye filimbi ameufunga ulimi wake kwa hiari, na kwa muda wote ambao kijiti kimo kinywani hasengenyi, hasemi uongo, hajisifu, hajibu neno kwa neno. Kwa mtu aliyeishi kwa ulimi miaka 35 kama mimi, nusu saa kila siku ya kuwa na pumzi bila ya kuwa na maneno imekuwa ni tiba.

Lakini jibu lenyewe la suala la jirani yangu sikulipata katika vitabu. Nililipata katika lahani moja ya Kiayalandi, ya zile za polepole, ambayo mpwa wangu alinifundisha kipande baada ya kipande mpaka nikaijua yote. Niliijua, ila kila nilipoipiga kutoka mwanzo hadi mwisho nilikata pumzi kabla ya kufika nusu. Nilidhani kwamba ni udhaifu wa kifua cha mzee. Nikamwuliza: "Mafundi wa huko wanapumua wapi? Katika lahani hii sioni mahali pa kupumua." Akajibu: "Mjomba, mahali hapapo. Hata fundi huiacha sauti moja isilie, akavuta pumzi katika nafasi yake, kisha akaendelea. Ufundi ni kujua ni ipi ya kuiacha."

Nilimtaka arudie, akarudia. Tangu siku ile nimewasikiliza kwa sikio jingine wapigaji wakubwa katika rekodi alizoniletea. Namsikiliza Micho Russell, mkulima wa Doolin katika wilaya ya Clare, aliyezaliwa mwaka 1915 na kufariki mwaka 1994, ambaye aliipiga filimbi hii bila ya mapambo mengi, kwa namna nyepesi ambayo mwanzoni niliidhania kuwa ni ya mwanagenzi mwenzangu. Na sasa nayasikia mapengo yake, yamewekwa kwa hekima, na wimbo unapita juu yake kama mtu avukaye mfereji bila ya kutazama chini. Namsikiliza Spokes Mashiyane wa Afrika ya Kusini, ambaye santuri yake ya Ace Blues ya mwaka 1954 iliifikisha kila upande wa nchi ile filimbi ya vijana maskini wa vichochoro vya Johannesburg. Vijana wale waliigeuza filimbi upande ndani ya kinywa, sauti ikawa nene na yenye kuteleza, wakapata muziki ulioitwa kwela, neno ambalo Mswahili hahitaji kamusi ili alifahamu, kwa kuwa ni ndugu wa damu wa kukwea kwetu. Na yasemekana kwamba ndilo neno ambalo askari walilitumia kuwaamuru watu wapande gari la polisi. Hata Mashiyane, pamoja na kifua chake cha ujana, anaacha sauti ili apumue.

Basi hakuna lahani iliyopigwa kamili na kiumbe mwenye mapafu. Aliyeanza akiwa na miaka minane na aliyeanza akiwa na miaka 61, wote wawili wanaacha, na tofauti yao ni kwamba mmoja ameacha kwa kujua na mwingine kwa kushindwa. Na kujua huko ndiko ninakojifunza. Jirani yangu aliuliza faida ya kazi isiyotarajiwa kukamilika, nami ninaona kwamba alikuwa na ukamilifu wa namna moja tu akilini mwake, ule wa kufika mwisho wa njia. Uko mwingine, nao ni wa hatua yenyewe: sauti moja iliyozibwa vyema na kutiwa pumzi yake ya haki imekwisha timia pale pale ilipolia, haikungojea wimbo umalizike wala mpigaji awe fundi, na haitapunguzwa kitu na sauti inayofuata hata ikivunjika. Ukamilifu wa kwanza hatukupewa sisi wenye kufa. Wa pili tumepewa, na mtoto na mzee wana sehemu sawa ndani yake.

Jambo jingine liko nyuma ya yote haya, ambalo nalisema kwa khofu. Tumefundishwa kwamba Adamu alikuwa udongo uliotulia, mwenye umbo kamili na asiye na uhai, mpaka alipopulizwa roho. Na tumefundishwa kwamba siku ya mwisho Israfili atapuliza baragumu, na kila kitu kitanyamaza. Baina ya mpulizo ule na mpulizo huu ndipo tulipo. Pumzi ninayoitia katika bati sikuichuma kwa jasho langu, wala siwezi kuiweka akiba hata kwa muda wa kuhesabu mia. Nimekopeshwa kidogo kidogo, na kila niliyoivuta sharti niirudishe kabla sijapewa nyingine. Nilikuwa nikilijua hilo kama watu wote wanavyolijua. Lakini mtu anayehesabu pumzi zake ili afike mwisho wa mstari mmoja wa lahani, akaona waziwazi kwamba hazitoshi, analijua kwa njia nyingine.

Nilimpa jirani yangu majibu haya yote jioni moja barazani, kwa urefu kuliko nilivyoyaandika hapa. Alisikiliza mpaka mwisho, akanywa kahawa yake, akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Sikuafiki katika yote, Maalim, lakini hilo la kuacha sauti ili upumue nitalifikiri." Halafu akaniomba nisiwe napiga baina ya adhuhuri na alasiri, kwa kuwa hulala wakati huo, na nikamwahidi.

Hivi sasa ni mwezi wa sita tangu niianze kazi hii. Nazijua lahani tatu, moja ya polepole na mbili nyepesi, na mjukuu wangu, ambaye aliziba masikio siku ya kwanza, amezijua tano katika filimbi hiyo hiyo, naye hunisahihisha. Kidole cha pete cha mkono wa kulia bado kina hilali, ingawa imenenepa. Kesho baada ya alasiri nitaanza na hicho.